MJADALA: Mtumishi kuufunga mshahara miaka minane kwa mkopo, ni kujijenga au ni kujifunga?

Mwalimu wa Kahama (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mwaka wa sita kazini. Nina kiwanja kilichopimwa, msingi umeshamwagwa, na nina fomu ya mkopo wa benki ambayo imekaa kwenye mkoba wangu wiki ya pili sasa. Kwenye chumba cha walimu wenzangu wameshatoa hukumu: saini, usipokopa ukiwa kijana utajenga lini? Wengi wao wana mkopo. Wachache sana wanaweza kukuambia wamebakiza kiasi gani.

Nimeleta jambo hili hadharani kwa sababu tunaliamua kwa kunong'onezana, kisha tunalilipa kimya kimya kwa miaka.

Hesabu yangu ni hii, nimeizungusha kidogo ili isomeke. Mshahara wa msingi 900,000. PSSSF, mfuko wetu wa pensheni, asilimia 5, yaani 45,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 27,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, yaani 18,000. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu asilimia 15, yaani 135,000. Kodi ya PAYE 91,750. Mkononi inabaki 583,250. Kanuni inasema theluthi moja ya mshahara wa msingi isiguswe na makato, kwa hiyo 300,000 inalindwa, na 283,250 ipo huru kukatwa. Kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka na muda wa miezi 96, afisa ananiambia ninakopesheka milioni 15.

Hapo ndipo mgogoro wangu ulipo. Ukiambiwa "unakopesheka milioni 15", moyo unasikia "una milioni 15". Kumbe maana yake ni kwamba nitakatwa kama 278,000 kila mwezi, nitarejesha jumla ya milioni 26.7, na nitaishi na laki tatu na ushee mpaka mwanangu ambaye leo anatambaa awe darasa la tatu.

Naona ile theluthi tumeigeuza kuwa bajeti ya nyumbani. Iliwekwa ili mtu asirudi na hati ya mshahara yenye sifuri. Haijui kodi ya chumba changu wala nauli yangu.

Basi niulize: ni jambo gani linatosha kumfanya mtu aufunge mshahara miaka minane? Na je, theluthi hiyo inatosha kumlinda mtumishi, au ipandishwe iwe nusu?

Mstaafu wa Iringa

Mwanangu, nimekusoma mara mbili. Unahesabu vizuri, lakini umehesabu upande mmoja tu.

Nimefundisha miaka 34. Nyumba ninayoishi leo na mama yenu imejengwa na mikopo miwili ya benki. Mkopo wa kwanza ulinibana sana mwaka wa kwanza na wa pili, tukala dagaa na maharage, sikatai. Mwaka wa tatu nilikuwa nimepanda daraja na rejesho lilikuwa lile lile. Mshahara ulikua, deni halikukua. Hilo kijana halioni anapokaa na kalamu leo.

Wenzangu waliosema "nitajenga kwa kiinua mgongo" nimewaona. Kikokotoo chetu, yaani sehemu ya pensheni unayolipwa kwa mkupuo ukistaafu, kilishuka kutoka asilimia 50 hadi 33 mwaka 2022, kisha kikapandishwa hadi 40 mwaka 2024 baada ya kelele nyingi. Mtu aliyeiweka nyumba yake kwenye zile asilimia 50 alijikuta na miaka 60, msingi, na nondo zenye kutu. Kukopa kuna gharama zake. Kungoja nako kuna gharama, na gharama ya kungoja haiandikwi kwenye fomu yoyote.

Kijana wa Uyole

Naunga mkono mzee. Saruji na bati mara nyingi hupanda bei. Ukisubiri miaka mitano ukidunduliza, bei inakula akiba yako yote. Kopa sasa, nunua vifaa vyote kwa mkupuo.

Mwalimu wa Kahama (mleta mada)

Shikamoo mzee wangu wa Iringa. Hilo la mshahara kukua nimelipokea, na sikuwa nimeliweka kwenye hesabu.

Ndugu yangu wa Uyole, hapo tusidanganyane. Mfumuko wa bei nchini kwetu miaka hii umekuwa ukizunguka asilimia 3 kwa mwaka. Hata saruji ikipanda zaidi ya hapo msimu fulani, haipandi asilimia 16 kila mwaka kwa miaka minane mfululizo. Anayekopa kwa 16 ili akimbie kupanda kwa bei anakimbia mvua kwa kuingia mtoni. Mtu akikopa ili aache kulipa kodi ya nyumba, hiyo ni hoja nyingine na inahesabika.

Nesi wa Masasi

Dada mwalimu, asante kwa kuleta mada hii. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Nilikopa milioni 8 mwaka 2018, miaka saba. Sikuwa na kiwanja wala makisio ya fundi. Nilikuwa na hati ya mshahara safi na afisa mwenye maneno matamu. Mkiniuliza zile milioni 8 zilifanya nini, ninaweza kueleza tano na nusu: milioni 3 mchango na maandalizi ya harusi ya mdogo wangu, milioni 2.5 pikipiki ya biashara iliyokaa barabarani miezi minane ikaibwa. Zilizobaki siwezi kuzieleza mpaka leo. Zilitoka laki laki, hapa mgonjwa, pale sare za shule, kule kitenge.

Baada ya miaka miwili nikapigiwa simu: "Dada, una nafasi ya kuongezewa." Nikaongezewa. Ikarudi kuwa miaka saba tena, inaanza upya. Nikafanya hivyo mara ya pili. Ndugu zangu, mimi nimekatwa tangu 2018 na tarehe yangu ya kumaliza iko mbele kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza.

Kilichoniumiza kuliko vyote hakikuwa benki. Nikibaki na ile theluthi, mwezi ukifika tarehe 10 sina kitu. Nikaenda kwa mkopeshaji wa mtaani. Laki mbili, unarudisha laki mbili na themanini mwisho wa mwezi, na unaacha kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Siku ya mshahara yeye ndiye anayekwenda kwenye mashine, anatoa chake, ananipa kilichobaki. Nilivaa sare nyeupe nikasimama nje ya mashine ya benki nikisubiri kupewa mshahara wangu na mtu mwingine. Nilikuwa na miaka 36.

Kwa hiyo mtu akiniambia kausha damu, yaani hiyo mikopo ya mtaani yenye riba kali, ni tatizo la mama lishe na wauza mboga peke yao, namwambia hapana. Wodini kwetu tulikuwa wanne. Na wote wanne tulianzia kwenye mkopo halali wa benki tuliouchukua hadi ukingoni.

Mstaafu wa Iringa

Pole sana mwanangu. Hili limenikaa.

Afisa Mikopo

Ninafanya kazi hiyo hiyo mnayoitaja, sitasema wapi. Ninapimwa kwa idadi na ukubwa wa mikopo niliyotoa mwezi huo. Mjue hivyo mnapokaa mbele ya meza yangu. Sina ubaya na mtu, lakini si kazi yangu kukuuliza kama unauhitaji huo mkopo. Hilo ni swali la kutoka nalo nyumbani.

Niwafungulie kitu ambacho wateja wangu wengi hawakioni. Chukua milioni 10, asilimia 16 kwa mwaka, riba inayokokotolewa kwa salio linalopungua, miezi 96. Rejesho ni kama 185,300 kwa mwezi. Katika rejesho la kwanza, 133,300 ni riba. Deni lenyewe linapungua 52,000 tu. Ukishalipa miaka mitatu umetoa milioni 6.67, lakini salio lako ni milioni 7.62. Watu hushangaa sana wakiona namba hiyo, wengine hudhani mfumo umekosea. Haujakosea. Miaka ya mwanzo unalipa riba, deni linaguswa kwa ncha ya kidole.

Sasa njoo kwenye nyongeza aliyoieleza nesi. Mwaka wa tatu ukiomba tena milioni 10, tunafuta 7.62 na unaondoka na kama milioni 2.4. Umepata milioni 2.4, na umeongeza miaka mitatu mingine ya kukatwa. Hakuna fomu inayokuandikia hivyo kwa lugha hii.

Milioni 10 hiyo hiyo kwa miezi 48 ni rejesho la 283,000, jumla milioni 13.6. Kwa miezi 96 jumla ni 17.8. Muda mrefu unanunua pumzi, na pumzi hiyo ina bei ya zaidi ya milioni 4. Siwaambii muda mrefu ni mbaya. Mtu mwenye akili anaweza kuchukua muda mrefu ili rejesho liwe dogo, kisha akawahi kulipa anapopata fedha. Ila aulize kabla ya kusaini: nikitaka kumaliza mapema natozwa nini? Na bima ya mkopo inalipa nini? Kwa kawaida inalipa ukifariki au ukipata ulemavu wa kudumu. Ukifukuzwa kazi deni ni lako.

Jambo la mwisho, hasa kwa mikopo midogo ya makampuni. "Asilimia 3.5 kwa mwezi" inaweza kuwa vitu viwili tofauti. Milioni moja kwa mwaka mmoja, riba ikipigwa juu ya deni la mwanzo muda wote, unarejesha 1,420,000. Ikipigwa kwa salio linalopungua, unarejesha kama 1,241,800. Asilimia ile ile, tofauti karibu 180,000. Dai jedwali la marejesho, ulisome mstari kwa mstari, na uulize ni kiasi gani hasa kitaingia kwenye akaunti baada ya ada na bima kukatwa.

Binti wa Tanga

Kwangu swali linaanzia nyuma zaidi. Riba ni haramu, kwa hiyo fomu hiyo haifiki hata mkobani. Kuna njia nyingine, Amana Bank ipo tangu 2011 na benki nyingine kadhaa zina madirisha yasiyo na riba. Kwa murabaha, benki inanunua bati na saruji, kisha inakuuzia kwa bei iliyotajwa siku ya kwanza, faida yao imo ndani. Bei haibadiliki.

Ila sitaki kuipamba. Hilo nalo ni deni, na faida ya benki wakati mwingine haiko mbali na riba mnayoitaja. Nililolipenda mimi ni kwamba hawakunipa fedha mkononi. Walimlipa muuza vifaa. Hakuna laki iliyotoroka kwenda kwenye kitenge, kama alivyosema dada nesi.

Mwalimu wa Kakamega

Salamu kutoka Kenya. Huku tuna kanuni inayofanana na yenu, Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Walimu wengi tulikopa hadi ukuta huo. Kisha makato mapya yakaja. Tozo ya nyumba asilimia 1.5 ya mshahara ghafi. Michango ya NSSF ikaanza kupanda mwaka 2023. Oktoba 2024 bima ya afya ikawa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, ilhali NHIF ya zamani kiwango cha juu kilikuwa shilingi 1,700 za Kenya.

Mtu aliyekuwa amebakiza nafasi kwenye hati yake alinung'unika tu. Aliyekuwa ameikopea theluthi yake mpaka shilingi ya mwisho alijikuta chini ya theluthi, na hakuwa amekopa chochote kipya. Mwalimu, usiulize tu kama utaweza kulipa kwa mshahara wa leo. Serikali nayo inasoma hati yako ya mshahara.

Mwalimu wa Kahama (mleta mada)

Kaka wa Kakamega, hata kwetu lilitokea. Makato ya bodi ya mikopo yalikuwa asilimia 8 ya mshahara wa msingi, marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yakayafanya 15. Walimu walionitangulia bado wanasimulia mwezi ule. Kwa mshahara wa 900,000 hiyo ni tofauti ya 63,000 kila mwezi, bila wewe kusaini popote.

Kijana wa Uyole

Sasa kama ni hivyo, jibu lile swali la pili. Ipandishwe iwe nusu. Sheria imlinde mtumishi na nafsi yake.

Afisa Mikopo

Ikiwa nusu, anayekuja kwangu kwa dharura ya upasuaji wa mama yake nitamkatalia. Ataondoka, lakini hatakwenda nyumbani. Atakwenda pale nesi alipokwenda, au atafungua programu ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wateja wa hizo programu walikuwa watu wenye shida halisi ambao mlango wa kwanza uliwafungia.

Nesi wa Masasi

Kaka afisa, samahani, lakini mimi sikukataliwa na mlango wa kwanza. Nilifunguliwa kupita kiasi. Kama mwaka 2018 ningebakiwa na nusu badala ya theluthi, nisingemjua yule wa mtaani.

Na kuhusu wao: Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana. Mimi nililipa 40. Kumpandishia mtumishi kiwango cha kubaki nacho bila kumfikia anayekaa na kadi za watu kwenye droo ni kuziba dirisha huku mlango uko wazi. Yafanyike yote mawili. Na mtu yeyote anayekuomba namba ya siri, mwenye leseni au asiye nayo, usimpe. Hiyo namba ndiyo mshahara wenyewe.

Mstaafu wa Iringa

Nilikuja hapa nikiwa na neno moja, sasa nina mawili. Bado nasema mkopo ulinijengea. Lakini nimekumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kwa sababu kiliisha vizuri: mkopo wangu wa kwanza ulikuwa wa miaka mitatu. Enzi zile hawakutupa minane. Tulibanwa, tukamaliza, tukapumzika mwaka mzima, ndipo tukachukua wa pili wa kupaua. Yale mapumziko yalikuwa na maana kubwa. Kama ningepewa miaka minane na milioni nyingi kwa mkupuo, sijui ningekuwa nawaandikia maneno haya nikiwa wapi.

Kuhusu nusu au theluthi, ninasita. Mtumishi wa laki tano na mtumishi wa milioni tatu hawali theluthi ile ile. Theluthi ya milioni tatu ni milioni. Labda kiwekwe kiasi cha chini cha shilingi, si sehemu ya mshahara peke yake.

Mhasibu wa Ushirika, Moshi

Mnaisahau SACCOS, ushirika wa akiba na mikopo. Kwetu mwanachama anakopa hadi mara tatu ya akiba zake, riba asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Milioni 4 kwa miezi 24 ni rejesho la kama 188,300, jumla milioni 4.52. Linganisha na ile 185,300 ya benki kwa miaka minane. Maumivu ya mwezi ni yale yale, ila huku unabanwa miaka miwili. Unapata fedha kidogo, kweli. Ndiyo maana unapata chumba kimoja na si ghorofa.

Ubaya nao niseme. Kuna miezi fedha hazipo, unapanga foleni. Na kuna wadhamini. Nimewahi kukatwa miezi kumi na moja kwa deni la mtu niliyemdhamini kwa kuwa tulikuwa tunaketi meza moja. Ukidhamini, jihesabu kuwa umekopa wewe.

Mwalimu wa Kahama (mleta mada)

Nawashukuru wote. Nimekaa na mume wangu jana usiku tukayasoma haya pamoja, tukabishana hadi saa sita.

Kwenye swali la umma ninabaki pale pale, ila nimeongezewa. Nataka kiwango cha kubaki nacho kipande, na hoja ya mzee ya kuweka kiasi cha chini cha shilingi naiona bora kuliko nusu yangu. Hofu ya kaka afisa kuhusu dharura ni ya kweli, kwa hiyo mkopo wa matibabu uwe na mlango wake. Nyongeza ya mkopo juu ya mkopo ndiyo ningeibana kwanza kabla ya yote: mtu aandikiwe kwenye karatasi moja, kwa shilingi na kwa miezi, anapata kiasi gani mkononi na anaongeza muda gani.

Kwenye swali langu, milioni 15 siichukui. Tumerudi kwa fundi, tumemwomba makisio ya vyumba viwili na kupaua hapo hapo, sehemu ya mbele ibaki msingi. Mimi ni mwanachama wa SACCOS ya walimu lakini akiba yangu ilikuwa ya kujionyesha. Kuanzia mshahara wa mwezi huu wa sita ninaweka 188,000 kila mwezi, kana kwamba deni limeshaanza. Miezi minane inanipa milioni 1.5, inayotosha kuomba milioni 4. Mwezi wa nane wa zoezi hilo utakuwa Januari, yenye sare, madaftari na kodi ya nyumba ya miezi sita. Nikiivuka Januari bila kugusa akiba, nitaomba. Nikishindwa, nitakuwa nimejua bila kudaiwa na mtu.

Mume wangu bado anasema ninachelewesha nyumba kwa woga, na hajakosea kabisa. Fomu ya benki nimeitoa kwenye mkoba leo asubuhi nikaiweka ndani ya daftari la makisio ya fundi. Sijaichana.